Papa Protocole na Kiti cha Gavana

Kwa miaka mingi hapa Brussels hapakuwa na sherehe ya watu wa Katanga, iwe harusi, ubatizo au matanga, ambayo haikupita mikononi mwa mzee mmoja tuliyemwita Papa Protocole. Mtu akiniuliza alikuwa mzee wa namna gani, kwanza namwambia lile ambalo wote walilisema: ndiye aliyemuuza kaka yangu. Kaka yangu alitaka kuwa gavana kwetu, na mzee huyu akamwangusha kabla hata ya kura. Hivyo ndivyo tulivyoamini, na mimi niliamini kuliko wengine, kwa maana nilianza kumshuku zamani, uchaguzi ukiwa bado haujaotwa hata ndotoni.

Kwa wasiojua mambo yetu, protocole si mtu wa kushika tu kipaza sauti na kusoma ratiba. Kazi yake ni kupokea wageni mlangoni na kumwonyesha kila mmoja mahali pa kukaa. Inaonekana kazi rahisi. Jaribu wewe kumweka mjomba wa bibi harusi nyuma ya baba mdogo wa bwana harusi, halafu utaniambia ndoa ilivunjika saa ngapi. Watu wetu wanaweza kusamehe mchele mbichi na bia ya moto, lakini kiti kibaya wanakumbuka mpaka wajukuu.

Yeye hakuandika kitu. Alisimama mlangoni na suti yake ya kijivu, mikono nyuma, akauliza swali lake moja tu: “Papa, unatoka kwa nani?” Si unatoka wapi. Unatoka kwa nani. Ukishataja jina la mzee wenu, alitikisa kichwa, akakupeleka, na pale alipokuweka hapakuwa na adui yako wala mdai wako. Nilishangaa alivyojua. Halafu nikaacha kushangaa, nikaanza kujiuliza kwa nini mtu ajue mambo ya watu kiasi kile, na anayapeleka wapi.

Nilimwona mara moja katika harusi moja pale Forest, mtaa wa hapa Brussels. Wazee wawili, mmoja wa upande wa baba na mmoja wa upande wa mama, wote walitaka meza ya mbele mkono wa kulia. Walianza kupandisha sauti. Papa Protocole hakubishana nao. Alizigeuza meza zote mbili za mbele, akawakalisha wazee wakipeana migongo, katikati akaweka kwaya nzima ya kanisa pamoja na vinanda vyao. Hakuna aliyeweza kumwona mwenzake amepewa nyama gani. Wote wawili walicheza mpaka wakatoka jasho, na kila mmoja alirudi nyumbani akiamini meza ya kulia ilikuwa yake.

Mimi nilikuwa jikoni. Nina duka la vyakula karibu na Chaussée de Wavre, nauza unga, samaki wakavu na sombe, yaani majani ya mihogo, na mwisho wa juma napikia sherehe. Kwa hiyo nilimjua mzee kupitia mlango wa jikoni, ambao ndio mlango mzuri wa kumjulia mtu. Alikuja, akagonga kwa kidole, akasema, “Maman, batu baisha kuikala. Unaweza kuleta chakula,” yaani watu wameshakaa. Alisema kwa heshima kila mara, hata siku aliyokuta nimeunguza maharagwe na jikoni kumejaa moshi.

Lakini hakula. Hapo ndipo shuku yangu ilipoanzia. Mtu anasimamia sherehe kutoka mchana mpaka watu wanaanza kukunja vitambaa, mamia ya sahani yanapita mbele ya pua yake, na hagusi hata kipande cha kuku. Siku moja niliamua kumpima. Nilimwekea sahani yake peke yake, bukari laini, yaani ugali wetu, sombe yenye karanga, samaki mzima. Akaniangalia, akasema, “Asante sana, maman. Lakini ile ya kwangu, patia ule mwenye kupiga ngoma.” Mpiga ngoma alikula akailamba sahani. Mimi nilirudi jikoni nimekasirika. Mtu asiyekula kwako, anakuogopa au anakuficha kitu.

Mjini walikuwa na maelezo yao. Wengine walisema anaogopa sumu, na mtu anayeogopa sumu ni mtu aliyefanya jambo. Wengine walisema ni mtu wa serikali ya kule, ametumwa kutuhesabu vichwa, na watu wa namna hiyo wamefundishwa wasile ovyo. Siku moja mke wake alikuja dukani kwangu kutafuta unga, nikamuuliza waziwazi. Alicheka mpaka akashika kaunta. “Akishakula, analala. Hapo hapo, pa kiti! Alishalala mu ndoa ya batu, akakoroma mbele ya pasteur. Tangu ile siku haya inamukamata.” Nilicheka naye. Alipotoka nikajiambia: jibu zuri sana, nani kalitunga?

Basi nilikuwa hivyo. Na sikuwa peke yangu, kwa sababu sisi watu wa huku tumezoea kunusana. Mtu akipata gari jipya, tunauliza kalipataje. Akirudi nyumbani kusalimia wazazi na akatoka salama uwanja wa ndege, tunauliza kwa nini hawakumkamata. Kuhusu Papa Protocole tuliuliza anaishi kwa nini. Tulijua anasafisha ofisi asubuhi mapema, lakini suti zake zilikuwa za pasi kali mno kwa mtu wa ufagio. Kisha mtu akaona gari la ubalozi limesimama mbele ya mlango wake. Nami nililiona siku nyingine kwa macho yangu. Walisema dereva wa gari lile ameoa mpwa wake, na kwamba anapita tu kula. Ndivyo walivyosema. Wahenga nao walisema lisemwalo lipo.

Alikuwa na vituko vyake vya kupingana. Alihubiri umoja kwenye kipaza sauti, “Siye bote ni batoto ba mama moja,” na wakati huohuo hakuna aliyekumbuka kuliko yeye nani ni wa kaskazini, nani wa kusini, na nani babu yake alikuja na reli kutafuta kazi migodini. Alisema siasa ni uchafu, lakini alimjua kila mbunge wa kule na ukoo wa mke wake. Aligombeza watu kwa kuchelewa, saa mkononi, na kanisani alikuwa anaingia wakati wa sadaka. Hakupenda kupigwa picha. Ukileta kamera alihama pembeni taratibu, hata katika albamu zetu nyingi unaona kila mtu ila yeye, labda bega moja la kijivu limekatwa ukingoni.

Misemo alikuwa nayo, na mingine haikufaa kanisani. Vijana wakigombania viti alisema, “Kiti haina adui. Matako njo iko na adui.” Akina mama walijifanya hawakusikia. Mimi nilicheka jikoni peke yangu, kisha nikajilaumu kwa kucheka na mtu nisiyemwamini.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe. Katikati ya miaka ya elfu mbili na kumi, Katanga ilikatwa vipande vinne, na kipande chetu kikawa jimbo jipya. Jimbo jipya linataka gavana, na kiti chake kilikuwa kitupu, hakina mwenyewe wa kumng’oa. Huku Brussels tulishikwa na homa. Tulisema safari hii gavana atoke kwetu, msomi, mikono safi, aliyeishi Ulaya akaona barabara zinavyotengenezwa. Na tukiangalia huku na huku, macho yote yakamwangukia kaka yangu.

Nyumbani tunamwita Yaya, kwa kuwa ndiye mkubwa wetu. Alisoma uinjinia wa migodi kule, akatoroka miaka mibaya wakati watu walikuwa wanamtafuta kwa maneno aliyoyasema mkutanoni, na hapa akaishia kufunga milango ya magari katika kiwanda cha Forest. Anaongea vizuri. Ukimsikia akieleza bei ya shaba unatamani kumpa nchi. Watu walianza kumwita gavana kwa utani, halafu utani ukaisha wakawa wanamwita kweli. Akina mama walichapisha vitenge vyenye sura yake. Mimi dukani wateja waliniita dada wa gavana, na sitadanganya, nilipenda. Nilipima unga nikiwa nimenyoosha shingo.

Tulikodi ukumbi Forest kumzindua. Tuliimba, tukacheza, tukamlaani mpinzani wake ambaye wengi wetu hatukuwahi kumwona. Papa Protocole alikuwa amepanga viti kama kawaida. Katikati ya kelele aliomba neno, jambo ambalo hakulifanya kamwe.

“Bon. Niulize kitu moja tu. Mu hii salle, kuko députés ngapi?”

Watu wakatazamana, wakitafuta mbunge hata mmoja ukumbini. Mmoja wa vijana wa kamati akamwuliza, “Papa, unapinga?”

“Sipingi. Nauliza nani atapiga kura. Juu gouverneur anachaguliwa na députés ba kule, donc ni kiganja ya batu. Siye hatuna kura. Hata bamama yetu kule habana kura. Sasa, hii ngoma yote tunapigia nani?”

Alizomewa mpaka akaacha kipaza sauti. Nami nilizomea kutoka mlango wa jikoni, mwiko mkononi. Ukweli ni kwamba wengi wetu hatukujua. Tulidhani gavana anachaguliwa na wananchi wote, na tulikuwa tunafanya kampeni kali kuliko ya kule, mbele ya watu wasio na kura hata moja. Lakini mtu akikuambia ukweli katikati ya ngoma unamchukia. Tulirudi nyumbani tukisema mzee yule ni wa upande mwingine, na sasa amejionyesha.

Kulikuwa na hatari moja zaidi, na hiyo wote tuliijua bila kuitamka. Sheria ya kwetu haitaki uraia wa nchi mbili. Ukichukua wa nchi nyingine, wa Kongo umeupoteza, na asiye Mkongomani hawezi kugombea. Katika ukumbi ule karibu kila mtu alikuwa na kitambulisho cha Ubelgiji mfukoni, na karibu kila mtu aliapa hana. Yaya naye alikuwa ameuchukua uraia zamani, mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili. Tena tulimfanyia sherehe! Ndogo, nyumbani kwake, mimi nikiwa jikoni na Papa Protocole mlangoni. Kulikuwa na keki ya rangi tatu za bendera ya Ubelgiji, nyeusi, njano na nyekundu, na Yaya aliikata akicheka huku amevaa skafu ya rangi zilezile.

Yaya alipeleka maombi yake kule. Muda si mrefu picha iliyopigwa siku ile ya keki ikatokea katika simu za watu, hapa na kule, Yaya na kisu chake na skafu yake. Huwezi kubishana na keki. Jina lake likaondolewa. Kiti tulichokiimbia kikaenda kwa mwingine, na mimi nikawa dada wa mtu tu.

Tulikaa tukaichunguza ile picha. Ilipigwa kutoka pembeni, upande wa mlango. Watu wote waliokuwepo walionekana ndani, isipokuwa mmoja. Kwa akili zetu asiyeonekana ndiye mpigaji, na asiyependa picha leo tumejua kwa nini. Kuna bibi mmoja aliyethubutu kusema hata mpishi haonekani. Nilimwambia mambo ambayo siwezi kuyaandika. Yaya alikaa kwenye kochi ameinamisha kichwa. Tukamuuliza, “Ni ule muzee?” Akajibu polepole, “Ndiyo. Ni yeye.” Basi ikawa imekwisha. Kikulacho ki nguoni mwako, tulisema, na tukatikisa vichwa.

Papa Protocole hakukataa wala hakukiri. Watu walimfuata, wakamtukana hata mbele ya mke wake, naye alisema tu, “Bon, nimesikia.” Nilichukulia kimya kile kuwa ushahidi. Harusi zikampita. Kijana mmoja mwenye viatu vyenye ncha akachukua kazi yake, na sherehe ya kwanza tu wakwe walipigana.

Jambo moja nililiona linanirudia mpaka leo. Kulikuwa na matanga, mama mmoja wa Likasi amefariki, na msibani hakuna anayealikwa, kila mtu anakuja. Papa Protocole alikuja na suti yake. Akaona viti vimerundikwa ukutani, akavua koti, akaanza kuvipanga. Akina mama wawili wakainuka, wakamnyang’anya kiti mkononi bila neno. Alishika kingine, wakakichukua na hicho. Akabaki amesimama katikati ya ukumbi mikono mitupu, mzee aliyetukalisha wote, na hakuna aliyemwambia kaa. Akavaa koti lake akatoka. Nilimwona kutoka jikoni na nilisikia raha, na chini ya ile raha kulikuwa na kitu kingine kilichoniuma, nikakifunika na mfuniko wa sufuria.

Miaka ikapita. Alhamisi moja, mwaka wa mwisho wa muongo ule, nilikuwa kituo cha Flagey, kando ya bwawa, nangoja tramu, mizigo miguuni, upepo wa bwawani unapuliza. Mzee akaja akaketi mwisho wa benchi. Alikuwa amekonda, ana kigari cha sokoni chenye majani ya vitunguu yanayotokeza. Sikumtambua mpaka alipofungua mdomo.

“Jambo, maman.”

“Jambo, papa.”

“Yaya iko muzuri?”

“Iko.”

“Analala muzuri?”

Swali gani hili? Nikamgeukia. “Analala. Kwa nini asilale?”

“Bon,” akasema. “Bon, bon.”

Nilishindwa kuvumilia. Nilikuwa nimelibeba swali lile miaka yote, na tramu ilikuwa haijafika. “Papa, ni weye njo ulituma ile picha?”

“Ni miye.”

Alisema hivyo hivyo, bila kupepesa. Nilijiandaa kwa uongo, sasa sikuwa na pa kuuweka ukweli. Nikamuuliza, “Juu ya nini? Yaya alikukosea nini?”

“Hakunikosea. Aliniomba.”

“Nani alikuomba?”

“Yaya yako. Ile picha alinipatia na mukono yake. Alikuya kwangu, akaikala mu cuisine, akalia. Akasema, ‘Papa, niko na woga. Nilikimbia kule batu bakinitafuta, sasa banataka nirudie na cravate mu shingo mbele yabo. Na nikikataa, batu ba hapa bataniona namna gani? Batoto bangu bataniona namna gani? Unitoe mu hii mambo.’ Bon. Nikamutoa.”

Nikasema, “Na siye tulikutupa kama takataka. Kwa nini hukusema?”

“Nikisema, basi nilimusaidia nini?”

Nilimtazama vizuri. Huyu ni mzee aliyejua kumweka kila mtu mahali pake bila mwenyewe kujua. Labda sasa alikuwa ananiweka mimi. Labda alikuwa amengoja miaka yote anipate peke yangu kwenye benchi, ajisafishe kwa kumpaka matope ndugu yangu. Nikamwambia wazi, “Papa, na miye nitakuamini namna gani?”

“Usiniamini. Ule muntu eko, ana kinywa. Muulize.”

Tramu ikaingia. Nilikusanya mizigo yangu na mguu mmoja ulikuwa tayari ndani ya tramu, mzee alipoinuka nusu, akanishika mkono kidogo.

“Lakini, maman, usimuulize mbele ya batoto.”

Mlango ukafungwa. Nilisimama ndani ya tramu nikimwangalia, mpaka kona ya barabara ikamficha.

Jumapili iliyofuata Yaya alikuja kula kwangu na watoto wake, kama anavyokuja kila Jumapili. Nyumba ilijaa. Baada ya bukari ya kwanza, watoto walimwomba hadithi, naye akawapa ileile anayowapa siku zote: jinsi alivyobakiza hatua kidogo awe gavana, jinsi barabara zingekuwa na lami na shule zingekuwa na vioo, kama si msaliti mmoja. Anaisimulia vizuri. Wanangu wanaipenda. Nami nilikuwa nimesimama na sufuria ya sombe, nikingoja watoto watoke wacheze nje, na maneno yangu yako tayari mdomoni.

Ndipo mtoto wangu wa mwisho akamuuliza mjomba wake, “Tonton, na ule papa mubaya, iko wapi sasa?”

Yaya akachukua leso, akafuta midomo ambayo haikuwa na kitu.

“Aliisha kufa,” akasema.

Mzee yule anakaa mtaa wa nyuma ya nyumba ya Yaya, pale Forest. Yaya anapita chini ya dirisha lake kila asubuhi akienda kununua mkate. Nilimtazama ndugu yangu, naye akainua macho, akakuta namtazama, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nikaona ananiogopa.

Watoto walikuwa wamenigeukia wote, wakingoja niseme kitu. Nikamwongezea sombe kwenye sahani yake, nikamwambia, “Kula, Yaya, itapoa.”